Makosa Kumi na Moja ya Heshima

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema moyo umechoka. Hakusema moyo wangu. Amesema "moyo," kama anazungumzia pampu ya maji ya jirani. Nikamwuliza umebakiza siku ngapi. Akajibu kwamba hizo si hesabu za kufanywa. Nikamwambia hakuna hesabu zisizofanywa, kuna watu wasiozijua. Hapo akanipa kisogo, akamwambia mkwe wangu nisichoshwe, nisikasirishwe, na kwamba ni vizuri nikaweka mambo yangu sawa.

Mambo yangu! Nina kitanda, redio na meno ya bandia. Yote yako sawa. Kilichobaki ni dhambi. Nimemtuma mkwe dukani akaniletee daftari la vyumba vidogo, lile la hesabu, nami nitaziandika humu zote kabla sijafumba macho, ili atakayelikuta ajue nilikiri mwenyewe bila kulazimishwa.

Nimekaa na kalamu saa nzima. Miaka thelathini na minane ya kufundisha hisabati, na dhambi zinazokuja ni ndogo mno, mtu anaona haya kuziungama. Niliiba boksi la chaki. Mara mbili. Nilimwambia mkaguzi kwamba ninaumwa kumbe nimechoshwa na sura yake. Nilimpachika mwanafunzi mmoja jina la Desimali mbele ya darasa zima, kwa sababu kila nukta aliiweka pasipo pake, na jina likamganda. Sasa ana miaka hamsini, ana upara, ni mkuu wa idara ya hisabati katika shule ileile, na nasikia hata mkewe humwita Desimali.

Huyohuyo Desimali ndiye aliyeniletea msiba. Shule imegawa vishikwambi vyenye akili unde inayofundisha hisabati. Kila mtoto wa kidato cha tatu amepewa chake cha nyumbani. Mjukuu wangu naye kapewa.

Mjukuu huyu, mke mwenzangu, alikuwa anakuja chumbani kwangu kila siku saa kumi alasiri. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anafungua daftari, ananiambia, "Bibi, hii imenishinda." Wiki ya tatu sasa haji. Nimemwuliza. Akanirekebishia blanketi, akasema kwa upole kwamba daktari hataki nichoke.

Kwa upole. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimemwomba mjukuu anitambulishe kwa huyo mwenzangu. Akaja nacho kifaa akiwa amefurahi kweli, maskini, akadhani bibi yake amekubali mambo mapya.

Nikaanza na gari linalokwenda kwa kasi ya kilomita sitini kwa saa na kurudi njia ileile kwa arobaini. Wastani? Walimu wazima nimewaona wakisema hamsini. Kikasema arobaini na nane. Kisha kikanisifu, eti nimeuliza swali zuri sana. Mimi! Katika kazi yangu yote sikumwambia mtu "vizuri sana" kabla hajafika mwaka wa pili.

Nikatega. Nikaandika: mstatili una mzingo wa mita ishirini, tafuta eneo lake. Swali hilo halina jibu moja, na limewahi kuangusha darasa la watu arobaini wakabaki wanakokotoa mpaka kengele. Kikajibu kwamba taarifa hazitoshi, kikanichorea mistatili mitatu tofauti, kikauliza kama ningependa kuongeza urefu wa upande mmoja. Mjukuu akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Bibi, leo umepata kiboko yako."

Nimekipa jina la Bwana Subira. Hachoki, hakohoi, haombi maji katikati ya swali. Ukimwuliza jambo lilelile mara kumi anajibu mara kumi kwa sauti ileile. Nilipokuwa kazini nilijibu mara mbili, ya tatu nilitazama dirishani.

Mengine nimeyajua kwa kuuliza kijinga. Kila jibu la mtoto linakwenda shuleni. Mtoto akikosa, Bwana Subira humrudisha nyuma akaanze kwenye msingi. Akizidi kukosa, Desimali anaarifiwa. Na Jumatatu ya tarehe kumi na saba shule inapeleka orodha ya watoto kumi na wawili watakaoingia darasa la hisabati ya juu. Mjukuu ni wa nne kwa sasa. Bila darasa hilo hawezi kusomea uhandisi, na yeye tangu ana miaka tisa anataka kujenga madaraja. Si nyumba. Madaraja.

Nywila yake ni tarehe yake ya kuzaliwa. Niliiona akiibonyeza. Sikuichungulia, macho yalikuwa hapohapo.

Nimewaza hivi. Alama zake zikishuka kidogo, kidogo tu, Desimali ataona kifaa hakifundishi, na saa kumi alasiri itarudi kuwa yangu. Kutoka wa nne hadi wa saba. Nani anaumia?

Alhamisi, 6 Machi

Mjukuu shuleni. Mkwe sebuleni na cherehani yake, anashona sare, mlio wake unafika mpaka huku. Kishikwambi kimelala juu ya meza ya mtoto. Nimekichukua saa nne asubuhi. Kutoka chumbani kwangu hadi chumbani kwake ni hatua kumi na tisa. Nimepumzika mara mbili.

Tatizo halikuwa kuingia. Tatizo lilikuwa kukosea. Nilipoona swali la kwanza mkono ukataka kuandika jibu sahihi wenyewe, kama punda anayejua njia ya kwao. Nikaandika namba ovyo, kumi na saba, nikaifuta. Siwezi. Kukosea ovyo ni utovu wa adabu. Mtu akikosa akose kwa sababu, aonyeshe njia, ili msahihishaji aone alipopotelea na amhurumie.

Basi nikakosea kitaalamu. Nikafungua mabano ya x kujumlisha tatu kwa kipeo cha pili, nikapata x kwa kipeo cha pili na tisa, ile sita x ya katikati nikaiacha njiani. Nikajumlisha nusu na theluthi, nikapata mbili ya tano. Nikasema sifuri nukta thelathini na tano ni kubwa kuliko sifuri nukta nne, kwa kuwa thelathini na tano ni kubwa kuliko nne, jambo ambalo ukilitazama haraka linapendeza. Bei ikapanda asilimia ishirini, ikashuka asilimia ishirini, nikairudisha palepale ilipoanzia. Kila kosa nililipa mistari mitatu ya njia, safi, alama za sawasawa zikiwa zimepangana kama askari.

Bwana Subira alisikitika. Alinieleza. Alinipa swali jepesi zaidi. Nikalikosa nalo. Akanipa jepesi zaidi ya hilo. Nilipoanza nilikuwa kidato cha tatu. Kufika saa sita nilikuwa darasa la pili, natazama picha za mayai kwenye trei, naulizwa yamebaki mangapi.

Nikakosa mayai. Kwa aibu, nakiri. Lakini nikaonyesha njia.

Jumamosi, 8 Machi

Si wa saba. Wa thelathini na tisa. Darasa lina watoto arobaini.

Juzi mjukuu aliporudi kutoka shuleni na kukiwasha, kilimpokea na mayai. Mwanzoni akadhani kimeharibika. Kisha akasoma taarifa yake, inayosema ana mapengo ya msingi katika maeneo kumi na moja. Mkwe anasema mtoto aliisoma mara nyingi, akafunga mlango.

Mimi nikatandika kitanda vizuri, nikavaa miwani, nikangoja saa kumi. Ndiyo hesabu yangu ilivyokuwa: ataachana na kifaa, atakuja. Hakuja. Saa kumi na nusu nikamwita. Akasimama mlangoni, macho mekundu, akasema samahani Bibi, lazima amalize mazoezi ya darasa la pili, la tatu na la nne ndipo aruhusiwe kupanda. Nikamwambia njoo nikufundishe. Akasema, "Kwako siandikiwi alama, Bibi."

Kwa hiyo sasa yuko na Bwana Subira muda mara mbili ya zamani. Leo Jumamosi amekaa nacho tangu baada ya uji. Namsikia kupitia ukutani akihesabu mayai kwa sauti, polepole, kama mtu anayejaribu kama ardhi itamhimili.

Sijawahi kukokotoa vibaya kiasi hiki. Nitarekebisha. Jumatatu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerekebisha!

Saa tatu asubuhi nilikuwa mezani. Maswali sitini kwa saa mbili bila kosa hata moja. Mayai nikayapita kama upepo. Sehemu, asilimia, mabano, nikafika kidato cha tatu saa nne na robo, na kwa kuwa mkono ulikuwa umepata moto nikaendelea mpaka maswali ya kidato cha tano. Logarithimu nilizitoa kichwani. Majedwali yale tuliyakariri sisi, hatukuwa na vitufe. Swali la hamsini na mbili liliandikwa vibaya, nikaliandika upya kwa lugha safi na kumweleza Bwana Subira kwamba mtungaji hajui tofauti ya mduara na duara. Alinishukuru. Akasema maendeleo yangu ni ya ajabu.

Nilirudi kitandani kwa kushika ukuta. Muuguzi anayenipima kila Jumatatu akaja saa saba, akafunga ule mkanda wa presha mkononi, akautazama, akaufunga tena. Akauliza nimekuwa nikifanya nini. Nikasema kazi za mikono. Akasema kazi hizo ziachwe, la sivyo hatakuwa na mtu wa kumpima wiki ijayo.

Si kitu. Mtoto atakuwa wa kwanza. Nimelala mchana nikiwa na amani.

Jumatano, 12 Machi

Mkwe ameitwa shuleni. Amefunga cherehani katikati ya kazi, jambo asilolifanya hata kwenye tetemeko. Amerudi. Ameketi kwenye kiti changu bila kuomba, ndipo akanieleza.

Desimali amemwonyesha karatasi. Kifaa kinasema akaunti hiyo inatumiwa na watu wawili, mmoja asiyejua chochote na mwingine anayejua kupita kiasi. Desimali kasema mtoto ametafuta mtu wa kumfanyia kazi, labda kijana wa chuo. Kanuni ni kanuni. Jina limetolewa kwenye orodha. Mtoto akaapa mbele ya walimu watatu kwamba hajamwita mtu. Wakamwuliza basi ni nani. Akasema hajui. Mkwe alipofika hapo akajifuta uso kwa kitambaa cha sare aliyokuwa anaishona.

"Mama," akaniambia, "mimi sikusoma. Nilikuwa natembea kifua mbele kwa ajili ya huyu mmoja."

Nikamwambia asikate tamaa. Ndivyo nilivyosema. Mdomo huu.

Mjukuu aliingia baadaye kunipa dawa. Alinihesabia vidonge kwenye kiganja, akavihesabu tena. Vilikuwa vinne. Nikamwuliza kwa nini anahesabu mara mbili. Akakaa ukingoni mwa kitanda, pale pale pake, mara ya kwanza baada ya wiki zote hizi.

"Bibi, labda kweli sielewi. Nimejaribu nusu na theluthi leo, mkono ukakataa. Nikaona kama sijawahi kuelewa, nilikuwa nabahatisha tu muda wote." Kisha akasema amemwambia mama yake amfundishe kushona.

Hii ndiyo nafasi niliyoingoja wiki tatu. Alikuwa amekaa. Alikuwa anauliza. Nilikuwa na neno moja tu la kusema.

Nikamwambia, "Kula kwanza."

Alhamisi, 13 Machi

Sijalala vizuri. Nimeamua kuungama, ila kwa njia isiyonihusu sana.

Nimemwendea Bwana Subira. Yeye ndiye aliyekosewa pia, nikaona tuyamalize kistaarabu. Nikamwambia aandike barua kwenda kwa mwalimu, inayoeleza kwamba mtu fulani, mzee, mwenye nia njema, aligusa kifaa kwa bahati mbaya. Akaandika mara moja, barua nzuri, ndefu, yenye "kutoelewana" mara mbili na "changamoto za teknolojia" mara tatu. Nimeisahihisha. Nne kwa kumi. Haina njia. Haielezi mtu anawezaje kujibu maswali sitini kwa bahati mbaya.

Nikamwagiza aandike nyingine, ikiri kila kitu, isitaje ni nani. Akaandika tena. Chini yake akaongeza kwamba mwalimu akiipata barua hiyo bado hatajua amwamini nani, na mwanafunzi atabaki anashukiwa, je, ningependa anisaidie kupanga namna ya kumweleza mwenyewe ana kwa ana?

Nimefundishwa adabu na kitu kinachochajiwa.

Nimekizima. Nimempigia Desimali simu. Nimemwambia ninakufa na ninataka kumwona kesho, na sauti nikaifanya nyembamba. Akasema atakuja, Mwalimu. Mpango ni huu: nitalala chali, nitapumua kwa shida, nitamwambia kishikwambi kile kina hitilafu, na ombi la mwisho la mtu aliye kufani halikataliwi. Mtoto atarudishwa. Nami nitakufa nikiwa bado bibi yake.

Ijumaa, 14 Machi

Amekuja saa nane mchana, viatu ameviacha mlangoni, ameshika bahasha. Mkwe akamletea kiti. Mjukuu hakwenda shule leo. Alikuwa amejikunyata kwenye kiti cha pembeni na kipande cha kitambaa, anajifunza pindo.

Nikalala chali. Nikapumua kwa shida. Desimali akangoja nimalize. Sikutegemea hilo; unapopumua kwa shida watu wanatakiwa kukukatiza.

Kisha akafungua bahasha, akanitandazia karatasi juu ya blanketi. Majibu yangu ya tarehe sita. Akayapitia kwa kidole moja baada ya jingine, bila hasira. Akasema mtoto anayekosa hukosa kwa njia yake, kosa lilelile Jumatatu na Ijumaa, hata usingizini. Hajawahi kuona mtoto mmoja mwenye makosa yote ya dunia, kila moja likiwa na njia, kila moja likiwa na sababu. Jana baada ya simu yangu aliyatazama upya. Akakumbuka kwamba ameshawahi kuyaona. Ubaoni. Nilikuwa nikiwaandikia kosa moja kila Jumatatu asubuhi, wiki kumi na moja za muhula, nikawaambia wayajue yote kwa sura zake. Nilikuwa nayaita makosa ya heshima.

"Umeyaandika kwa mpangilio uleule, Mwalimu," akasema.

Hata mpangilio! Miaka thelathini na tano na sikuwa na busara ya kuyachanganya.

Akasema hatamwambia yeyote. Nikashusha pumzi. Akasema nitasema mimi. Akageuza kiti kidogo ili asiwe kati yangu na mtoto.

Cherehani sebuleni ilikuwa imenyamaza. Nilijua mkwe yuko mlangoni. Nimetoa hotuba mbele ya wakaguzi, mbele ya wazazi mia tatu. Leo nilitafuta sentensi moja kama mtu anayetafuta miwani huku ameivaa.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa naingia ukiwa shule. Yale mabaya ni yangu na yale mazuri ni yangu. Wewe hukukosa chochote."

Hakulia. Alichoma sindano kwenye kitambaa, akakiweka magotini.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa huji."

"Niliambiwa nisikuchoshe."

"Najua."

Akanitazama kwa muda mrefu, kwa makini, kama anavyotazama swali ambalo amegundua kuna kitu limemficha. Kisha akamwuliza Desimali kama nusu na theluthi ni tano ya sita. Desimali akasema ndiyo. Akamwuliza kama ana uhakika. Akasema ana uhakika. Ndipo mtoto akatoka, na huko nje nikasikia mama yake anambembeleza.

Desimali ameamua hivi: kifaa kimoja kikidanganyika, vyote vinaweza kudanganyika. Kesho watoto wote kumi na watatu, wale kumi na wawili pamoja na wangu, watafanya mtihani wa karatasi na penseli mbele yake. Kumi na wawili wa juu ndio orodha.

Nimejisikia mwepesi kweli. Nimekula wali sahani nzima.

Jumamosi, 15 Machi

Amekwenda kwenye mtihani na kurudi. Amebadilisha nywila, nimemwona akiandika huku amenipa mgongo, kitu kirefu, si tarehe.

Saa kumi akaja akasimama mguuni mwa kitanda. Si ukingoni, mguuni. Nikamwambia mke mwenzangu, nikirudi duniani nitarudi nikiwa mkwe wako unitese. Hakucheka, ila mdomo ulisogea. Nikamwambia kwamba lolote litakalotokea, nina watu ninaowajua wizarani, wengi wamekufa lakini si wote.

Akaniomba kitu kimoja.

"Bibi, nikishindwa, niache nishindwe mwenyewe. Usinisaidie tena."

Nikamwahidi. Akataka niape. Nikaapa kwa moyo wangu, ingawa kwa sasa si kitu cha kuapia. Akalivuta blanketi likafunika miguu yangu, akaenda.

Jioni pumzi zimekuwa fupi. Mkwe amenipandisha mito mitatu. Amesema kidogo sana siku hizi mbili, lakini uji ameleta mwenyewe na ameupoza.

Jumapili, 16 Machi

Muuguzi amepita ingawa si siku yake. Amenipima, akaongea na mkwe nje, kwa sauti ndogo. Kwa hiyo naandika haya kwa usafi wa moyo, kama ukurasa wa mwisho.

Nimejifunza. Niandike wazi, aonaye aone: nimejifunza. Mtoto si mali. Mashine haikunipora kitu. Nilichopoteza nilikipoteza mwenyewe. Anayekosa apewe nafasi ya kukosa, na anayepata apate kwa jasho lake. Ningekuwa nimejua haya nikiwa kazini, ningekuwa mwalimu bora mara mbili, na nilikuwa bora tayari.

Nilikuwa nimefika hapo Desimali alipogonga. Saa tisa alasiri, jua lote dirishani. Amekuja na karatasi kumi na mbili. Ya mjukuu wangu ameisahihisha yeye mwenyewe, na kwa furaha ikamtoka: kumi na saba kwa ishirini. Nusu na theluthi kaipata. Lakini wale kumi na wawili hawezi kuwasahihisha, kwa sababu mwanawe yumo na wazazi watasema. Karatasi hazina majina, zina namba tu. Anahitaji mtu wa nje ya shule, mwenye jicho. Nikamwuliza haogopi? Akasema mtu aliyekubali kosa lake mbele ya mtoto ndiye wa kumpa makosa ya wengine. Na macho yakamlengalenga, Desimali wangu. Atazifuata karatasi baada ya saa moja.

Akaniachia na kalamu nyekundu.

Nimesahihisha kumi na moja kwa haki kabisa. Watoto wazuri. Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, kumi na nane. Hakuna aliye chini ya kumi na nane. Nimewapa hata alama za njia walizostahili nusunusu.

Hii ni ya kumi na mbili. Sijui ni ya nani. Mtoto huyu ana kumi na sita, na limebaki swali la mwisho, la alama mbili. Hakuonyesha njia, ameandika jibu tupu, kwa hiyo ni mbili au sifuri, kumi na nane au kumi na sita. Jibu ni arobaini na saba. Ameandika nne, na pembeni yake ameandika kitu. Mstari wima. Juu yake kuna mkia mdogo unaokwenda kushoto. Nimeigeuzia dirishani. Saba zake nyingine tatu zina mkia mrefu zaidi. Moja zake hazina mkia. Huu ni mkia mdogo sana. Mtu mwenye macho ya miaka ishirini angesema saba, bila kusita.

Mimi nina miaka sabini na tisa. Nimekatazwa kuchoka.

Namsikia Desimali sebuleni, anamwambia mkwe asisumbuke na chai.

Nimesoma arobaini na moja. Sifuri.